Nafasi Yangu Juu ya Tangi

Maziwa ya ngamia yakitiwa kwenye dumu lililofukizwa hubaki na harufu ya moshi mpaka tone la mwisho. Akina mama wa kwetu Garissa huingiza kijiti chenye moto ndani ya dumu, wakaliziba kwa kiganja mpaka moshi ushike, ndipo wakamimina maziwa. Wageni wanaoletwa hapa na kazi hukunja uso wakionja mara ya kwanza. Sisi wenyeji tunasema maziwa yasiyo na moshi ni maji meupe. Katika ukoo wetu wote, ni mimi peke yangu nisiyeyanywa. Juzi nilikuwa sokoni, mama mmoja akanifungulia kifuniko ninuse nijue ni ya asubuhi ile ile, nikarudi nyuma kama mtu aliyepigwa kofi.

"Abaayo, dada yangu, yana nini?" akaniuliza.

Nikamwambia hayana neno. Nikayanunua kwa aibu, nikayapeleka kwa jirani.

Siyo maziwa niliyonusa. Nilinusa majivu yaliyolowa mvua, petroli, na koti la baba yangu lililokuwa likinipiga mgongoni kwa upepo. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu nilipokaa juu ya tangi la pikipiki yake, nikipita naye kwenye nchi iliyoungua, na sijawahi kuwa na furaha kama ile tena. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lingekuwa kumbukumbu mbaya tangu mwanzo, ningeshalizoea.

Aabo, ndivyo tunavyomwita baba, alikuwa mbeba maziwa. Baada ya sala ya alfajiri alitoka nyumbani kwetu Waberi, akavuka barabara ya lami, akaingia porini mpaka walipokuwa ngamia wa kaka yake mkubwa, Adeer Hussein. Kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi, madumu yamefungwa nyuma kwa kamba za mpira, na Hooyo, mama yangu, akayachukua kwenda kuyauza. Kuna watu wengi waliofanya kazi hiyo, lakini hakuna aliyeendesha kama Aabo. Pikipiki yake aliivua madigadi zote mbili ili matope yasigande, akainua usukani, akavalisha tairi zenye meno makubwa. Akifika kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka, alipunguza upepo kwenye tairi, akasimama juu ya vikanyagio, magoti yamebana tangi, akaiacha pikipiki icheze chini yake kama ngamia dume anayekataa kufungwa. Vijana wa mjini walikuja kumwomba awafundishe. Alikuwa akiwacheka kwa Kiswahili chake cha kwetu: "Bikibiki haifundishwi. Inakuangusha mbaka ujue."

Katikati ya njia yake palikuwa na mahali panaitwa Awsle, maana yake penye majani. Palistahili jina. Hata wakati wa jilaal, kile kiangazi kirefu kinachokausha kila kitu, nyasi za Awsle zilisimama kavu na nene kufika kiunoni, na wenye ng'ombe walizitunza kama akiba. Mmoja wao alikuwa Dubow, rafiki wa Aabo. Kambi yake ilikuwa kando kabisa ya njia. Kila siku Aabo alisimama hapo akanywa chai, na mara nyingi alirudi na gundi tamu ya mgunga ambayo Dubow alitukusanyia sisi watoto. Nilimjua Dubow kwa ladha kabla sijamjua kwa sura.

Halafu Awsle ikaungua. Nakumbuka ilikuwa alasiri, Hooyo amening'iniza nguo uani, na vitu vyeusi vyepesi vikaanza kushuka kutoka mbinguni na kutua juu ya shuka nyeupe. Nilidhani huko juu kuna ndege wanaonyonyolewa. Nilikimbia huku na huku nikiviokota, na kila nilichokishika kilisagika na kupaka vidole vyangu masizi. Hooyo hakunigombeza. Alikuwa amesimama mlangoni akitazama upande wa pori, mkono mdomoni, kwa sababu Aabo alikuwa amerudi saa chache tu zilizopita, na alikuwa amelala ndani, na hakuwa amesema lolote.

Moto ule haukuzimwa na mtu. Ulikwenda mpaka ukakosa cha kula. Ng'ombe wakubwa wa Dubow walikuwa malishoni mbali, wakaponea hapo kwa siku hiyo, ingawa wengi walikufa baadaye kwa njaa. Lakini ndama walikuwa wamefungwa ndani ya boma la miiba karibu na kambi. Mama yake Dubow, bibi ambaye alikuwa akitembea kwa fimbo, alikuwa ametolewa tayari, amekalishwa penye udongo mtupu. Watu walipogeuka kuokoa vitu, alirudi kufungua ndama. Hawakumpata mpaka moto ulipopita.

Watu wakaanza kutafuta moto ulitoka wapi. Hapakuwa na mchoma makaa upande ule, hapakuwa na mrina asali, na anga ilikuwa kavu bila radi. Aliyekuwa amepita siku ile ni mtu mmoja. Maneno yakafika shuleni kwetu kabla hayajafika nyumbani. Msichana tuliyekaa naye dawati moja aliniambia, bila ubaya, kama anayenipa habari ya mpira, "Pikipiki ya babako inatema moto."

Niliamini neno kwa neno. Nilipofika nyumbani nilipiga magoti nyuma ya pikipiki, nikaingiza kijiti kwenye bomba la ekzosi, nikachungulia. Sikuona kitu ila giza na masizi. Nilikuwa bado nachokoa pale nilipoona viatu vya Aabo kando yangu.

"Unatafuta nini humo?"

"Moto, Aabo. Wanasema umo ndani."

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alichuchumaa, akanitoa kijiti mkononi taratibu, akakivunja, akaendelea kuvunja vile vipande mpaka havikuweza kuvunjika tena. Kisha akaniangalia usoni kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyoangalia kitu alichokuwa nacho siku zote akakigundua leo.

"Kesho huendi shule," akasema. "Kesho unakuja na mimi."

Usiku ule niliwasikia wakizozana nyuma ya pazia. Hooyo, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti kwa Aabo, alisema, "Siyo huyu. Wallahi siyo huyu. Kama lazima, mchukue Abdi."

Abdi ni kaka yangu. Alikuwa na miaka kumi na minne, na kwa miaka miwili alikuwa ameomba apandishwe pikipiki ile.

"Abdi sauti imeshakuwa nzito," Aabo akajibu. "Watamhesabu mwanaume."

"Na huyu je? Unampeleka mtoto katikati ya watu wenye msiba?"

Sikusikia jibu. Nilichokielewa mimi kilikuwa rahisi: Abdi ni mzito, Hooyo anaogopa mizimu ya porini, na Aabo amenichagua mimi. Nililala nikitabasamu.

Asubuhi Hooyo alinivisha. Nilikuwa nimechukua mtandio wa shule, ule wa buluu iliyokolea, lakini Aabo akasema kutoka nje, "Mvalishe ule wa njano. Aonekane kwa mbali." Mtandio wa njano ulikuwa wa Idi, wenye vishanga pembeni. Nikajua kwamba baba yangu ananiona mzuri. Sikuwa nimewahi kujua hilo kabla.

Nyuma kulikuwa na madumu, kwa hiyo nafasi yangu ilikuwa mbele, juu ya tangi, miguu imekunjwa, mikono yangu katikati ya usukani, na mikono yake imenizunguka pande zote mbili. Chuma kilikuwa baridi mwanzoni, baadaye kikawa cha moto mpaka akanitandikia gunia. Niliona kila kitu kabla yake. Upepo ulinifikia mimi kwanza.

Tulipoingia Awsle nilidhani tumefika mahali pengine. Nchi yote ilikuwa nyeusi, na juu yake anga nyeupe kwa joto. Migunga ilisimama kama mikono ya watu waliochomoza kutoka ardhini. Njia ya zamani ilikuwa imefunikwa na majivu, na Aabo ilimbidi aitafute upya, akipita polepole, amesimama, akisoma ardhi. Alinifundisha kusoma naye. Majivu meupe yenye duara ni hatari, maana hapo mti umeungua mpaka mizizini, na chini kuna shimo lililobaki mahali pa mzizi. Gurudumu likiingia hapo, umekwisha. Vichipukizi vilivyokatwa na moto vilibaki na ncha kama mikuki, vikitoboa tairi. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele. "Shimo, Aabo! Kushoto!" naye akageuza, na majivu yakaruka nyuma yetu kama pazia, na mimi nilicheka. Nilicheka juu ya nchi ile. Watu waliokuwa wakichambua vitu vilivyobaki kwenye kambi zao walinyanyua vichwa wakasikia mtoto anacheka.

Siku ile, na siku zote zilizofuata aliponibeba tena, kila tulipokaribia watu Aabo alipunguza mwendo, akaniinamia sikioni. "Wasalimie, Hodan. Kwa nguvu."

"Assalamu alaykum!" nikapaaza sauti.

Walijibu. Waliniitikia mimi, macho yao juu yangu, na hakuna hata mmoja aliyemtupia Aabo neno. Nilidhani amekuwa na haya. Nilijiambia kwamba baba yangu ni shujaa wa njia lakini anaona aibu kusema na watu, na mimi nimepewa kazi ya kuwa ulimi wake. Nikaifanya kwa bidii. Nilisalimia mpaka waliokuwa mbali, nikapunga mkono kwa wachungaji waliokuwa nukta tu kwenye upeo.

Kwenye kambi ya Dubow hatukusimama tena. Tulipita kando yake kwa kasi, na Aabo alinibana kwa mikono mpaka mbavu zikauma. Mara moja nilimwona Dubow mwenyewe, mtu mrefu mwenye kikoi kilichofifia, ameshika tawi akifagia majivu penye kibanda cha mama yake, akifagia bila kukusanya, anayatoa hapa anayaweka pale. Nikampungia mkono. Aliinua wake nusu, kisha akaushusha.

Mvua ikaja. Wale waliokaa porini wanajua jinsi nchi iliyoungua inavyopokea mvua. Siku za kwanza ni matope meusi tu yanayonuka kama jiko lililomwagiwa maji, na pikipiki ilikuwa ikiteleza ubavu ubavu huku Aabo akitumia miguu kama magongo. Kisha, asubuhi moja, nilipiga kelele nikidhani nimeona shimo jipya, kumbe ni rangi. Awsle yote ilikuwa na kijani chembamba, kama ukungu, unachokiona ukitazama mbali na kinachopotea ukitazama chini. Migunga niliyodhani imekufa ilitoa majani kwenye mashina. Maua mekundu ya mviringo yalichomoza kwenye udongo bila jani hata moja. Dikidiki walirudi wakisimama wawili wawili. Aabo akazima injini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya pale, akakaa tu.

"Itarudi," akasema. Hakuwa anasema nami. "Itarudi yote. Watasahau."

Nikadhani anawasema dikidiki.

Ilikuwa wiki hiyo hiyo walipotusimamisha. Tulikuwa tunarudi, madumu yamejaa, kwa hiyo Aabo hakuweza kukimbia wala kukata kona kali. Mbele, mahali njia inapobanwa kati ya vichaka viwili, palikuwa na wanaume, vijana watatu na Dubow. Vijana walikuwa na fimbo, na mmoja wao alikuwa na jiwe kila mkono. Walikuwa watoto wa dada yake Dubow. Yule bibi alikuwa bibi yao. Aabo alisimamisha pikipiki lakini hakuzima.

"Wasalimie," akaninong'oneza.

"Assalamu alaykum," nikasema.

"Wa alaykum salaam," Dubow akajibu. Wale vijana hawakuitika.

"Mteremshe mtoto," kijana mwenye mawe akasema.

Aabo alikaza usukani kwa mikono yote miwili.

"Waryaa, wewe, nakuambia mteremshe mtoto. Mweke pale chini ya mti. Hatuna neno naye."

"Hateremki," Aabo akasema. Mkono wake wa kushoto uliacha usukani ukanizunguka tumboni. "Huyu hateremki hapa."

"Mteremshe uwe mwanaume!" kijana akafoka, na nikaona machozi yamemjaa. "Mteremshe!"

Nilichoelewa mimi ni kwamba wanataka kunichukua. Nilikuwa nimesikia shuleni kwamba mtu akifa, watu hulipwa, na kwamba zamani walikuwa wakilipwa hata wasichana. Nikajua basi: bibi yao amekufa, wanataka wapewe mimi, na baba yangu anakataa kunitoa. Nilishika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili na nikaanza kulia. Nililia kwa hofu, na pia, Mungu anajua, kwa mapenzi.

Dubow ndiye aliyesogea. Alikuja mpaka kwenye gurudumu la mbele, karibu kiasi kwamba niliona vumbi kwenye kope zake. Hakumwangalia Aabo hata mara moja. Aliniangalia mimi.

"Hodan," akasema, "umekula leo?"

Nilitikisa kichwa kwamba sijala, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kisha akageuka, akamwendea yule kijana, akamfumbua vidole, kimoja kimoja, mpaka jiwe likaanguka, na la pili likaanguka. "Waacheni wapite," akasema. "Maziwa yataharibika."

Tulipita. Nyuma yetu nilisikia mmoja wa vijana akilia kwa sauti kama mtoto mdogo.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hiyo hivi: kwamba watu wa porini walitaka kunichukua kuwa fidia, na baba yangu, peke yake dhidi ya wanaume wanne, alikataa. Niliwasimulia wasichana wa madrasa, nikawasimulia wenzangu wa bweni sekondari, nikamsimulia hata mwanaume aliyekuja kunioa. Katika sala zangu za utotoni nilimwomba Mungu amwadhibu Dubow kwa kutaka kuniiba. Niliomba hivyo kwa utaratibu, baada ya kuwaombea wazazi wangu.

Baada ya siku ile hatukwenda porini kwa muda. Adeer Hussein alikuja nyumbani, mtu mnene asiyesema sana, akakaa na Aabo mlango umefungwa. Alipotoka hakunywa chai aliyoandaliwa. Ngamia wake wazuri, wale wa maziwa, walitolewa wakapewa watu wa Dubow kwa ajili ya bibi na kwa ajili ya mifugo, na ndugu wengine wa ukoo wakachanga waliyoweza. Mambo yakawa yameisha, kwa jinsi watu wazima wanavyosema mambo yameisha.

Asubuhi Aabo alipoanza tena safari, kwa ngamia wachache waliobaki, niliamka kabla yake. Nilijifunga mtandio wa njano mwenyewe, nikajisimamisha kando ya pikipiki na gunia langu mkononi. Alifunga madumu. Aliangalia tairi. Akapanda.

"Nenda shule," akasema.

"Nani atakuonyesha mashimo?"

"Majani yameshaota. Hakuna haja tena."

Akaondoka. Nilibaki na lile gunia. Kesho yake nikasimama tena, na kesho kutwa, na kila mara alisema neno lile lile, hakuna haja, bila ukali, kama unavyomwambia mtu aliyekuja kuuza kitu ambacho tayari unacho.

Nilitafuta kosa langu. Nikakumbuka Abdi na uzito wake, nikapata jibu: nimekua, nimekuwa mzito, pikipiki hainiwezi. Nikaacha kula. Nilianza na chakula cha mchana, ambacho hakuna aliyeangalia, kisha cha jioni nikawa namwachia Abdi chini ya meza. Nilijipima kwa kupanda juu ya debe tupu, kuona kama linabonyea. Hooyo aligundua siku aliponiogesha na mikono yake ikapita kwenye mbavu zangu. Akanikausha kwa taulo, akaniuliza kwa upole kwa nini sili.

"Nikiwa mwepesi Aabo atanibeba tena," nikamwambia.

Nakumbuka jinsi alivyoketi chini, pale pale kwenye maji, nguo zake zikilowa. Alilia huku amejiziba mdomo kwa taulo langu. Nilidhani analia kwa sababu nimekonda. Usiku ule hakumpakulia Aabo. Aliweka sufuria mbele yake na kijiko ndani yake, akatoka. Hawakuzungumza kwa siku nyingi, na walipoanza tena kuzungumza walikuwa wanaongea kama watu waliokutana kwenye foleni.

Hakuna aliyeniambia kitu. Nilikula kwa sababu Hooyo alinilisha kwa mkono wake. Nilikua na ile hadithi yangu.

Ukweli niliupata nikiwa mtu mzima, na niliupata bila kuutafuta. Nilikuwa nimejifungua binti yangu wa kwanza, niko kwa mama yangu kwenye siku arobaini, na tulikuwa na wageni wanawake wanaokula halwa. Nikaanza kuisimulia tena, jinsi Aabo alivyokataa kunitoa. Wageni walisema mashallah. Hooyo alikuwa amempakata mtoto. Alisubiri mpaka wa mwisho aondoke, ndipo akasema, bila kuinua macho kutoka kwa mjukuu wake:

"Hawakukutaka wewe. Walitaka ushuke ili wampige yeye."

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

"Mtu mwenye msichana mdogo mbele yake hapigwi," akasema. "Kila mtu anajua hilo. Ndiyo maana alikutoa shule. Ndiyo maana ule mtandio. Nilimwambia siyo huyu."

Kisha akaniambia lililobaki, maana alikuwa ameshaanza. Wazee walikuwa wamekaa na pande zote mbili mapema kabisa, kabla hata sijapanda lile tangi. Dubow hakudai ngamia, hakudai damu. Alisema mtu huyu ni rafiki yangu, na aweke mkono juu ya msahafu aseme hajui moto ulitoka wapi, nitaamini, na nitamzuia kila mtu wa kwetu. Neno moja tu. Aabo alisema ataapa kesho. Kesho akasema ana homa. Baadaye akasema kuapishwa ni kudharauliwa. Halafu siku iliyofuata akanipandisha mimi juu ya pikipiki.

Sikulala. Mtoto alilia na mimi nikamnyonyesha nikiwa nimetazama ukuta, na nilihisi kwenye mbavu zangu ile mikono iliyokuwa ikinibana tulipopita kambi ya Dubow.

Nilikwenda kwa Aabo siku chache baadaye. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani. Miaka ya mashimo ilikuwa imemharibu mgongo, na pikipiki alikuwa ameshaiuza. Nilikaa mkekani karibu naye. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilianza na lile la mwisho.

"Aabo, kwa nini hukuapa?"

Hakujifanya hajaelewa. Alivuta tasbihi yake punje kadhaa.

"Ekzosi ilikuwa imetoboka," akasema. "Fundi alishaniambia. Siku ile nilisimama kukojoa, nikaiegesha kwenye nyasi. Nilipokuwa nimeshakwenda mbali nikatazama kwenye kioo, nikaona kitu kimeinuka nyuma. Nikajiambia ni vumbi langu." Akavuta punje nyingine. "Jua lilikuwa kali. Maziwa yalikuwa yamejaa. Nikajiambia ni vumbi."

"Ungeweza kurudi."

"Ningeweza."

Barabarani vijana wawili walipita na pikipiki, muziki juu, Aabo akawafuata kwa macho mpaka walipopotea.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Yule kijana alikuwa na mawe. Kama angerusha?"

Alionekana kushangazwa na swali, kana kwamba halikuwahi kumjia. Uso wake ukalegea, akatabasamu kabisa.

"Mbele ya Dubow? Hapana. Dubow hakuwa mtu wa kuacha mtoto apigwe. Wallahi, Hodan, pori lile lote halikuwa na mtu mwenye huruma kama yule. Nilijua. Siku zote nilijua."

Alisema hivyo kwa fahari, kama anavyosifiwa rafiki. Nikamtazama, nikaona kwamba ni kweli alijua. Kiangazi kizima na mwanzo wa mvua alikuwa amepita juu ya majivu ya mama wa mtu, akitegemea wema wa mtu huyo huyo, na ili kuhakikisha wema ule haukosi njia alikuwa ameniweka mimi mbele. Dubow hakuwahi kununua ng'ombe wengine. Wale ngamia aliwaachia watoto wa dada yake, yeye akaja mjini akalinda maghala ya watu usiku, miaka mingi, umbali wa kutembea tu kutoka kwetu, mpaka akafa. Aabo alikuwa akizunguka mtaa mzima kwenda msikitini ili asipite pale.

"Uliwahi kumwambia?" nikauliza. "Kwamba ulijua ana huruma?"

"Ningemwambiaje?" Aabo akasema, akarudi kwenye tasbihi yake. "Tungeanza kuzungumza, angeniuliza."